Mwendo wa Mbwa Mdogo Unapobadilika: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kununua Dawa

(Mada iliyotolewa kwa wakazi na wafanyabiashara wa Kata ya Mchafukoge, Dar es Salaam)



Huenda baadhi yenu mnajiuliza imekuwaje ofisi inayoshughulikia haki za mlaji ije kuzungumzia miguu ya mbwa. Sababu ni kwamba katika kata hii mbwa mgonjwa na duka la dawa hutenganishwa na barabara moja tu. Mtu akiona mbwa wake anayumba, huvuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, akaingia Kariakoo, na baada ya nusu saa amerudi na chupa. Pengine chupa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Leo tunataka kuzungumza juu ya nusu saa hiyo.

Wapo pia miongoni mwenu wasiofuga mbwa, kwa sababu za dini au kwa hiari tu. Tunawaomba msiondoke, kwani sehemu moja ya mada hii inamhusu kila anayepita ngazini.

Kwanza tutenganishe kuteleza na kuyumba. Nyumba nyingi za ghorofa mitaani hapa zina sakafu ya vigae, na mbwa wa kilo 4 mwenye kucha ndefu huteleza juu yake kama mtoto aliyevaa soksi. Mtandikieni mkeka, kisha mwiteni aje na arudi mara tatu au nne, mkimtazama kwa nyuma na kwa ubavuni. Akitembea sawasawa juu ya mkeka, yaelekea alikuwa akiteleza tu, akatwe kucha. Akiendelea kupepesuka, mrekodini kwa simu kwa dakika moja. Mbwa akifika mbele ya daktari huogopa, hukaza mwili, na aghalabu hutembea vizuri kuliko alivyotembea nyumbani.

Lipo badiliko linalowapata mbwa wadogo kuliko wakubwa. Mbwa anakimbia vizuri, ghafla anaukunja mguu mmoja wa nyuma, anarukaruka kwa mitatu hatua chache, kisha anaushusha na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo pia ya goti imechomoka kwenye mfereji wake na kurudi. Kiswahili huiita pia kilegesambwa, na jina hilo limekaa kana kwamba lilitungwa kwa ajili ya ugonjwa huu. Hali hiyo inahitaji daktari, lakini si ya kumwamsha usiku wa manane.

Mbwa anayepishanisha miguu ya nyuma kama mkasi, anayekanyaga kwa mgongo wa wayo, anayelia akinyanyuliwa, au anayezikataa ngazi alizozipanda jana, huyo shaka iangukie uti wa mgongo. Mbwa wenye mwili mrefu na miguu mifupi, kama Dachshund, huupata ugonjwa huu zaidi. Asitembezwe ngazini. Abebwe mwili ukiwa umenyooka, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya nyonga, afikishwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Miguu ikipooza kabisa, kila saa ina thamani.

Mwingine huinamisha kichwa upande mmoja, huzunguka duara, na macho yake huchezacheza bila kutulia. Mara nyingi tatizo liko katika sikio la ndani, linalousaidia mwili kujua usawa wake. Kwa mbwa mzee hali hii huweza kuzuka ghafla, mwenye nyumba akaamini ni kiharusi na kwamba mbwa anakufa, nayo ikaanza kupungua yenyewe ndani ya siku chache. Asitiwe dawa wala mafuta sikioni kabla ya kukaguliwa, maana kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka, kinachomiminwa huingia hadi ndani.

Mbwa mwenye makamasi, tongo na kikohozi, ambaye baadaye misuli yake inaanza kurukaruka hata akiwa amelala, aogopwe kuwa na distempa. Ugonjwa huo si mgeni nchini: mwaka 1994 virusi vyake viliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti. Chanjo yake ipo, nayo hutolewa kabla ya ugonjwa.

Sasa tuje kwenye chupa.

Ivermectin ya sindano inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe kwa kawaida ni ya asilimia 1, yaani kila mililita ina miligramu 10, na dozi yake ni mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Mbwa wa kilo 5 ni sehemu ya kumi ya kilo hizo. Akidungwa mililita 1 kwa sababu "ni kidogo tu", amepata mara kumi ya kile ambacho ng'ombe hupewa kwa kila kilo ya mwili wake. Mboni za mbwa huyo zinaweza kupanuka, akapepesuka, akatetemeka, akapoteza uwezo wa kuona au akazimia. Vidonge vya metronidazole, ambavyo wengi wetu tunavyo kabatini kwa ajili ya tumbo, vina hesabu kama hiyo. Vidonge viwili vya miligramu 200 kwa siku kwa mbwa wa kilo 4 ni miligramu 100 kwa kila kilo, na dozi kubwa ya dawa hii inajulikana kuleta kuyumba na kuchezacheza kwa macho. Dawa za kuogeshea mifugo dhidi ya kupe, hasa zikipimiwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, huweza kuleta udenda, usingizi mzito, misuli kutetemeka na miguu kulegea.

Linalotusikitisha zaidi ni kinachofuata. Mwenye mbwa huona kuyumba kumezidi, hudhani ugonjwa umekua, naye huongeza dozi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mbwa anayeyumba liwe hili: siku tatu zilizopita amepewa nini, amepakwa nini, na nyumba imepuliziwa nini? Kama dawa iko mwilini kwa nje, vaeni glavu mumwoshe kwa maji na sabuni. Msimtapishe kwa chumvi wala kumnywesha maziwa kwa nguvu. Chupa ile ile ibebwe kwenda kwa daktari. Diclofenac na ibuprofen za binadamu zisiguswe. Huumiza tumbo na figo za mbwa.

Sehemu inayowahusu wote ni kichaa cha mbwa. Si kila mbwa mwenye kichaa huwa mkali. Wengine hupooza: miguu ya nyuma hulegea, taya huning'inia, udenda hutiririka, sauti hubadilika, chakula hakimezeki. Watu wema huingiza mkono kinywani wakidhani mfupa umekwama. Msifanye hivyo. Mbwa wa namna hiyo, hasa asiyechanjwa, afungiwe peke yake bila kuguswa, na afisa mifugo wa Halmashauri ya Jiji ajulishwe. Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa au aliyepatwa na udenda kwenye kidonda au jichoni aoshe mahali hapo kwa maji mengi, na jeraha lioshwe kwa sabuni pia, kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa, kwa kuwa dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Kuhusu manunuzi, tuna machache. Anayejiita daktari wa mifugo aulizwe kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, lililo chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Mwenye usajili hakasirikii swali hilo. Dawa iwe katika chupa yake yenye lebo, tarehe ya mwisho wa matumizi na usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Dai risiti yenye jina la dawa, maana malalamiko yasiyo na risiti wala chupa ni magumu mno kuyafuatilia. Muuzaji akikuhakikishia kuwa dawa ya ng'ombe ni ya mbwa pia ilhali lebo haisemi hivyo, kumbuka kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, nawe una haki ya kulalamika.

Juu ya meza ile tumeweka lebo tatu za dawa za mifugo. Tunaomba kila mmoja azisome, atafute palipoandikwa mbwa, kisha tutapokea maswali.