Kompyuta ya Chama Safarini

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi, Same)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifanya kila juma pasipo kufundishwa, nalo ni kuipatia kompyuta mpakato ya chama mtandao wa intaneti tukiwa njiani au vijijini, mbali na ofisi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana litanifupishia maneno.

Nilipokuwa katibu nilinunua kifurushi cha gigabaiti 10 kwa fedha ya chama ili nipeleke taarifa za mwezi. Usiku ulinikuta Kisiwani. Barua-pepe ilikuwa imekwama, nami nikaiacha simu ikiigawia kompyuta mtandao, nikalala nikitumaini itatoka yenyewe. Kulipokucha kifurushi kilikuwa kimekwisha na taarifa haijatoka hata ukurasa mmoja. Hakuna mwizi aliyeingia. Kompyuta ilikuwa imekesha ikijipakulia masahihisho ya programu zake. Mkutano ulipokaa, mzee mmoja alisimama akauliza: "Katibu, vocha hii imetununulia nini?" Sikuwa na jibu. Nililipa kutoka mfukoni mwangu, na hadi leo naona ilikuwa haki.

Ndugu zangu, sababu ya hasara ile ni nyepesi kueleweka. Simu imezoea kubana matumizi, ilhali kompyuta huudhani mtandao wowote wa hewani kuwa ni wa ofisi, usiolipiwa kwa kipimo. Haijui kwamba nyuma yake kuna laini ya simu na vocha ya wakulima. Hatuna budi kuiambia. Katika kompyuta zitumiazo Windows, ndani ya mipangilio ya mtandao, ipo swichi ya kuijulisha kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ukiiwasha, sehemu kubwa ya masahihisho yatangoja. Lakini angalieni: swichi hiyo hukaa kwa mtandao mmoja mmoja. Ukiazima simu ya mwenyekiti kesho, kompyuta itauona ni mtandao mgeni, na itakubidi uiwashe tena. Zimeni pia programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni, kwani nazo hufanya kazi kimyakimya.

Jambo la pili ni njia ya kuunganisha. Wengi hupenda kugawa mtandao kwa hewa, nami siwalaumu. Hata hivyo, njia hiyo hula betri ya simu upesi mno, na asiyeweka neno la siri huwalisha abiria wa basi zima. Waya ni bora. Ukiichomeka simu kwenye kompyuta kwa waya, kisha ukachagua ndani ya simu kugawa mtandao kwa waya, simu itapata chaji kutoka kwenye kompyuta huku ikiitumikia. (Mkumbuke kuiwasha ile swichi ya kipimo kwa njia hii pia.) Tatizo ni kwamba baadhi ya waya zinazouzwa stendi hupitisha umeme tu, hazipitishi data. Ujaribuni waya kabla ya kuulipia. Nimewahi kumkuta katibu mmoja aliyekwisha kuipeleka simu yake kwa fundi mara mbili, kumbe ugonjwa ulikuwa wa waya.

Sasa nije kwenye milima yetu, maana hapa ndipo ushauri wa watu wa mjini unapotuacha. Mawimbi ya simu hupenda kuonana na mnara ana kwa ana. Mgongo wa mlima huyazuia, na yale ya masafa ya juu, ambayo ndiyo aghalabu hubeba data nyingi, huishiwa nguvu mapema kuliko yale ya chini. Ndiyo maana mtu aliye kwenye kona ya barabara ya kupanda Mbaga, uso wake ukielekea tambarare, huweza kupata mtandao wa kizazi cha nne, na akitembea hatua mia moja nyuma ya kilima akabaki na ule wa kizazi cha pili au asibaki na kitu. Kupanda juu zaidi si dawa siku zote. Dawa ni kutafuta mahali panapoonana na mnara. Kila katibu na awe na daftari dogo, aandike: mahali fulani, laini fulani, saa fulani, hali ya mtandao. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuwa na thamani kuliko tangazo lolote la kampuni. Na kwa kuwa simu nyingi hupokea laini mbili, wekeni laini za kampuni mbili tofauti, kila moja ikiwa imesajiliwa kwa utaratibu. Ukipiga *106# utaona usajili ulivyo.

Mtandao wa kizazi cha pili msiudharau. Faili la megabaiti moja huchukua dakika moja na zaidi hata hali ikiwa njema, kwa hiyo jedwali la hesabu litapita. Lakini picha za stakabadhi zilizopigwa kwa ukubwa wote wa kamera hazitapita. Zipunguzeni kwanza. Na kazi yenyewe ifanywe bila mtandao kabisa: jazeni majedwali ofisini au nyumbani, wekeni nakala kwenye flashi, kisha mkifika mahali penye mawimbi mfungue mtandao, mtume, mfunge. Katibu atokaye Mamba au Miamba na hesabu za tangawizi hana sababu ya kuandika jedwali lake huku kifurushi kikikatika.

Mwaka 1945, katika mgogoro wa kodi ya mbiru, maelfu ya watu waliteremka milimani kuja hapa Same kwa miguu ili wasikilizwe. Miguu yetu leo imepumzishwa kidogo, kwani tangu Tume ya Maendeleo ya Ushirika ilipoanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, taarifa za chama hupitia mtandaoni. Lakini taarifa ikichelewa, mkulima hatajali kwamba mnara ulikuwa nyuma ya mlima. Yeye husikia tu kwamba hesabu zake hazijafika.

Linabaki suala la fedha na siri. Kifurushi kinunuliwe kwa laini ya chama, si laini ya katibu. Ujumbe wa malipo unakiliwe kwenye kitabu cha matumizi siku ileile, pamoja na kazi iliyofanyika. Nami nasema waziwazi kwamba chama kinachomtaka katibu anunue data kwa fedha yake kinajitafutia katibu asiyetuma kitu. Kuhusu siri, orodha ya wanachama ina namba za vitambulisho na za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatugusa sisi pia. Orodha hiyo isifunguliwe kwenye kompyuta ya kukodi, wala isitumwe katika kundi la simu lenye watu msiowajua.

Ndugu Mwenyekiti, kabla ya maswali naomba kila katibu atoe simu, waya na kompyuta yake. Tutatoka nje, upande wa uwanja unaotazama milima, tuwashe ile swichi mmoja baada ya mwingine. Wenye waya za umeme tu watajulikana hapohapo.