Mtoto Akiwa Nyumbani na Shule Imefungwa

(Hotuba ya Katibu wa Elimu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama waliotoka Awendo, Rongo, Ndhiwa na Mbita. Wengi waliomba ichapwe, nasi tunaichapa kama alivyoisema.)



Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na najua kwamba mnangojea habari za mishahara iliyochelewa, wala hamkuja hapa kusikia habari za shule. Lakini mambo haya mawili yamefungwa kamba moja. Mshahara ukichelewa miezi mitatu, mwenye duka ataandika deni lake kitabuni na kungoja. Mtoto hana kitabu cha madeni. Yeye husimamishwa mstarini asubuhi na kuambiwa, "Nenda nyumbani, umlete baba yako na pesa."

Jambo hili lilinifika mimi mwenyewe. Binti yangu alirudishwa mara tatu katika muhula mmoja, kutoka shule ambayo sitaitaja, kwa ajili ya pesa za mtihani na pesa za chakula. Mara ya tatu alikaa nyumbani siku tisa. Siku moja nilirudi kutoka kazini mapema, nikamwambia alete kitabu chake cha gredi ya nne anisomee. Akasoma upesi, sauti imenyooka kama mtangazaji wa redio. Nikafurahi sana. Kisha nikageuza ukurasa, nikaweka kidole katikati, nikamwambia, "Anza hapa." Akanyamaza. Nikaonyesha neno jingine, akanyamaza tena. Ndugu zangu, mtoto yule alikuwa ameshika kitabu chote kwa kusikiliza wenzake. Alikuwa gredi ya nne na kusoma hajui. Na mimi ndiye Katibu wa Elimu wa tawi hili. Chekeni tu, lakini usiku ule mimi sikulala.

Kabla sijaendelea, niondoe kosa moja. Wako wanachama wameniuliza kama mzazi aweza kumtoa mtoto shuleni kabisa, amfundishe nyumbani, maana wamesikia kwamba huko Marekani watu wengi hufanya hivyo. Hapa kwetu Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni, na asiyempeleka aweza kutozwa faini au kufungwa. Basi mtu asiondoke hapa akasema kwamba chama kimemwambia awaachishe watoto shule. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mtoto asizuiwe kuingia darasani kwa sababu mzazi wake hakulipa. Mtoto akirudishwa, usikae kimya. Nenda kwa mwalimu mkuu, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na ukiona uzito njoo kwetu tukuandikie barua. Nasema habari za nyumbani kwa sababu barua hutembea polepole, na mtoto huku anasahau.

Tena siku za namna hiyo si chache. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba, na watoto wengine wote hawakurudi mpaka Januari 2021. Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa shule mpaka tarehe 13 Mei, na wenzetu wa kando ya ziwa wanakumbuka maji yalivyoingia. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo walimu wa sekondari waligoma. Mgomo wao sisi hatuulaumu, maana ni wafanya kazi kama sisi, na sisi pia tumegoma. Lakini huko Nyatike mtoto asiye na shule kwa wiki mbili huenda kwenye mashimo ya dhahabu, na akishaonja shilingi ya mashimo, kumrudisha darasani ni kazi ngumu. Sisi wa miwa tusijione bora, maana watoto wetu nao tunawaona shambani.

Sasa, mtu wa mshahara mdogo afanye nini bila senti?

Nataka kwanza mkumbuke mtu mmoja wa hapa kwetu. Kaburi la marehemu Tom Mboya liko Rusinga, na wengi wenu mmelipita. Baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, mfanya kazi wa shamba kama wewe. Mboya alisoma Mangu, karo ikamshinda, akaenda Nairobi kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya. Baadaye alijiandikisha kusoma uchumi kwa njia ya posta, na chuo kimoja cha Afrika Kusini. Mwaka 1953 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Kenya, na 1955 akapelekwa Ruskin College, Oxford. Watu husimulia habari hii ili kusema kwamba alikuwa na akili nyingi. Mimi natazama ile posta. Mwanafunzi wa posta huandika kazi yake, huipeleka, na mtu asiyemwona huisahihisha kwa wino na kuirudisha. Pale alipokosea, anaambiwa amekosea. Leo masomo ya bure yako mengi kuliko ya wakati wake, lakini mara nyingi yule mtu wa kusahihisha hayupo, na hapo ndipo masomo ya bure huharibika.

Tuliona jambo hilo mwaka 2020. Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, ilitangaza masomo kwa redio za KBC na kwa televisheni, na ikaweka mengine katika intaneti. Ilikuwa kazi njema, na haikutudai kitu. Kwangu tuliwasha redio kila siku. Mwalimu wa redio aliuliza swali, akangoja kidogo, akajijibu mwenyewe, akaendelea mbele. Mtoto alikaa kimya, na mimi nikiona amekaa kimya nikadhani anajifunza. Nadhani ndiyo miezi ambayo binti yangu alipotea njia, nami nilikuwa chumba kile kile.

Basi nitawaambia tulivyofanya baada ya kugundua, mimi na mama yake. Mama yake hajui kusoma, na nasema hivyo kwa ruhusa yake. Tulianza na ubao wa sanduku na kipande cha mkaa. Ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili ni rahisi kwa kuanzia, kwa maana kinaandikwa kama kinavyosemwa. Kila jioni silabi chache, kisha maneno ya nyumbani: baba, jiko, samaki, nanga. Hatukuanza na kitabu cha gredi ya nne, ingawa yeye alitaka hicho kwa sababu ya aibu. Kujua mtoto yuko wapi ni jambo la kwanza. Mpe herufi, akizijua mpe maneno, akiyajua mpe mistari minne, halafu hadithi fupi. Pale anapokwama ndipo gredi yake ya kweli, hata kama sare yake inasema nyingine. Watu wa Uwezo, ambao mwaka 2009 walianza kupita nyumba kwa nyumba nchini kupima watoto, walitumia njia hii hii.

Baada ya wiki sita hivi alikuwa anaweza mistari minne. Hapo tukahitaji hadithi, na vitabu vya hadithi dukani vina bei. Mwenzetu mmoja wa ofisini akanionyesha African Storybook. Huu ni mkusanyiko wa hadithi za watoto ulioanzishwa mwaka 2014 na shirika la Afrika Kusini, nao una hadithi kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Dholuo zikiwamo. Hadithi zimepangwa kwa ngazi, za neno moja moja kwa mtoto anayeanza, na ndefu kwa aliyeendelea. Sikilizeni sana jambo hili: wenyewe wameruhusu mtu yeyote azichukue, azinakili na kuzichapa bila kulipa. Si wizi. Mtu mmoja mwenye bando azichukue mara moja, kisha azigawe kwa Bluetooth au kwa memori kadi, na wengine hawatatumia hata shilingi.

Nilimsomesha hadithi za Dholuo, na hapo mama yake akawa mwalimu kuliko mimi. Wazee wetu walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi, ambako watoto walisimuliwa sigana usiku na kuulizwa maswali. Mama yake alifanya hivyo hivyo. Mtoto alisoma, kidole kikifuata neno kwa neno. Kidole kikikimbia mbele ya mdomo, au mdomo mbele ya kidole, mama alijua kwamba anakisia, akamwambia, "Rudi." Akimaliza, afunge simu na kusimulia upya kwa maneno yake. Kisha mama huuliza, "Kwa nini fisi alifanya vile?" Asipojibu, anasoma tena. Mtu asiyejua herufi hata moja aweza kusahihisha kusoma namna hii. Ndugu zetu Wakuria na Wasuba nao watumie lugha zao kwa kuuliza na kusimulia, hata kama hadithi yenyewe ni ya Kiswahili.

Kwa hesabu hatukuhitaji simu. Bibi yake huuza omena. Tuseme gorogoro moja ni shilingi 200. Nusu gorogoro je? Gorogoro saba je? Mteja ametoa noti ya 1,000 na amechukua tatu, arudishiwe ngapi? Aandike kwa mkaa, bibi aseme kama ni kweli, na bibi hakosei.

Kwa watoto wakubwa iko Khan Academy, bure, hasa kwa hisabati, nayo humwambia mtoto palepale kama jibu lake ni sawa. Lakini kwa Kiingereza chake na kwa bando lake, naona yafaa zaidi itumiwe pamoja ofisini. Wenye televisheni watafute Ubongo Kids, kipindi cha watu wa Dar es Salaam chenye masomo ya hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Na vitabu vya serikali msivisahau. Tangu mwaka 2018 hivi vinapelekwa moja kwa moja mashuleni, na vingine vimefungiwa kabatini visichafuke. Mzazi ana haki ya kumwomba mwalimu kwamba mtoto apewe aende nacho nyumbani, naye mzazi aahidi kukitunza.

Sasa nifike penye uchungu. Tunasema bure, lakini saa moja ya jioni si bure. Mkata miwa anaondoka alfajiri na kurudi giza limeingia, mgongo umekufa. Mama amerudi kutoka shambani au ziwani, hajapika. Saa hiyo ya mtoto atatoa nani? Najua jibu, maana nawaona mnatazama upande wa akina mama. Haifai. Nyumbani kwangu tuligawana: yeye anasikiliza kusoma, mimi naosha vyombo na kushika hesabu. Wazee wengine walinicheka walipopita, na bado wanapita.

Hapo ndipo chama kinaingia. Halmashauri ikikaa na waajiri kuzungumza juu ya saa za kazi na siku ya kulipwa, naomba wajumbe wetu waweke jambo la watoto mezani wazi wazi. Mshahara uliolipwa tarehe yake humfanya mtoto abaki shuleni, na wala asihitaji mkaa wangu na ubao wangu. Mafundisho ya nyumbani ni kama mtumbwi wa kuvukia wakati daraja limebomoka. Mwenye kujenga daraja asitumie mtumbwi wetu kama sababu ya kukaa bure.

Na mambo ambayo ni ya mikono yetu tusiyangojee. Mashine hii inayochapa gazeti letu hukaa kimya wiki tatu katika nne. Naomba mkutano ukubali kwamba kila toleo liwe na karatasi mbili za hadithi, moja ya Dholuo na moja ya Kiswahili, kutoka zile zilizoruhusiwa. Pili, ukumbi huu ufunguliwe Jumamosi mchana, watoto waje na madaftari, sisi tusahihishe kwa zamu. Wako walimu waliostaafu Rongo na Homa Bay ambao wameniambia watakuja wakialikwa. Wanataka chai tu. Mweka Hazina anatikisa kichwa kwa sababu ya karatasi, nami namjibu kwamba tutachapa pande zote mbili.

Binti yangu sasa anasoma. Hajafika mbele ya wenzake, na sitawadanganya. Hesabu za kugawanya bado zinamsumbua. Lakini juzi alinisomea barua ya mwajiri iliyoletwa nyumbani, akaniuliza neno "malimbikizo" maana yake nini.

Karatasi ya kuandika majina kwa ajili ya Jumamosi iko mezani karibu na mlango. Andika jina lako, jina la mtoto na gredi yake. Asiyejua kuandika aje na mtoto amwandikie mwenyewe, nasi tutatazama mwandiko wake kabla hajaondoka.