BUSTANI YA MBOGA NYUMBANI: ANZENI NA UDONGO

Maneno ya mazungumzo kwa wakazi wa Donholm, Nairobi



Nimeombwa kusema nanyi habari za kuanza bustani ya mboga nyumbani, yaani bustani isiyotiwa mbolea ya chumvichumvi wala dawa za sumu za dukani. Siku hizi jambo hili huitwa kilimo hai. Yafaa niseme mapema kwamba mimi si bwana shamba. Kazi yangu ni kufasiri, na maandishi mengi ya mabwana shamba yamepita mezani pangu, hata nikadhani kwamba mtu aliyefasiri habari za sukuma wiki aweza pia kuiotesha. Nilichimba ukanda mwembamba nyuma ya nyumba, nikamwaga samadi ya kuku mbichi, nikapanda miche 24. Kabla ya juma la pili kwisha, miche mingi ilikuwa imeungua kwa ukali wa samadi ile, na iliyosalia ilikufa kwa kusimama ndani ya maji. Ndipo nilipoanza kuyasoma maandishi yale kama mtu mwenye haja nayo.

Wengi huanza kwa kuuliza habari za mbegu. Lakini katika mahali petu hapa, la kuulizwa kwanza ni udongo. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Dagoretti na Kikuyu, udongo ni mwekundu, na maji hupita ndani yake vizuri. Huku Eastlands mpaka Embakasi ni ule mweusi, ambao mvua ikinyesha huvimba na kushika viatu, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingia mkono. Kabla nyumba hizi hazijajengwa, Doonholm lilikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa la mlowezi wa Kiskoti. Majani ya malisho huustahimili udongo huu, walakini mche mchanga wa mboga hauwezi, kwa kuwa mizizi yake hukosa hewa.

Kwa hiyo, badala ya kushindana na ardhi, jazeni gunia. Tafuteni gunia safi lililotiwa nafaka au viazi, si lile lililotiwa mbolea au dawa. Changanyeni debe mbili za udongo mwekundu na debe moja ya samadi iliyooza sawasawa. Mchanga kidogo wafaa pia. Chukueni kopo kubwa lililotolewa kitako, lisimamisheni katikati ya gunia, mlijaze kokoto, kisha mlizungushie udongo pande zote. Kopo likijaa, livuteni juu mlijaze tena, hata gunia lifike kiasi cha kiuno cha mtu. Kokoto hubaki katikati kama nguzo, na maji mnayomwaga juu hushuka humo na kufika chini. Toboeni matundu ubavuni, kila moja mbali na mwenziwe kiasi cha shubiri moja, mpande miche humo na juu pia. Gunia moja huchukua miche 30 au zaidi, nalo halitaki nafasi kupita beseni la kufulia. Hata aliye ghorofani aweza kuliweka barazani, mradi mwenye nyumba akubali na maji yasimdondokee jirani wa chini.

Sasa nasema jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Watu hudhani kwamba mboga ikiwa haikutiwa dawa, basi ni safi. Si hivyo. Mboga yaweza kukosa dawa hata tone moja na bado ikawa na sumu, kwa sababu ya mahali ilipomea na maji iliyonyweshwa. Mto Ngong hupita Eneo la Viwanda na Mukuru kabla ya kufika kwetu, nao hubeba uchafu wa karakana pamoja na wa vyoo. Kando ya mito ya Nairobi wako wanaomwagilia mboga kwa maji kama hayo, na mboga hizo hunawiri sana, tena huuzwa rahisi. Vijidudu vya uchafu hufa sufuriani mboga ikipikwa barabara. Madini ya risasi hayafi. Hayaondoki kwa kuchemsha, na yale yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayatoki kwa kuosha. Nayo huwadhuru watoto kuliko watu wazima, kwa kuwa huharibu ubongo ungali unakua, wala mzazi haoni dalili mapema.

Wala haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapa hapa Nairobi, lilitangaza habari za uchunguzi wa watoto na vijana 328 waishio karibu na jaa la Dandora. Karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa wakati ule, na udongo wa mahali pale pia ulionekana kuwa nayo. Dandora si mbali na hapa. Basi msikubali mboji au udongo uliochotwa jaani, hata ukiwa mweusi na laini kama unga. Vilevile msipande ukingoni mwa barabara kubwa kama Jogoo au Outer Ring. Petroli yenye risasi iliachwa nchini kufikia mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kuanguka udongoni hukaa miaka mingi. Mtu akiwauzia udongo au samadi, mwulizeni imetoka wapi. Akisitasita, nendeni kwa mwingine.

Mboji iliyo bora ni ile mtengenezayo wenyewe. Wekeni tabaka la majani makavu, kisha maganda ya viazi na ndizi na mabaki ya mboga, kisha samadi kidogo, jivu la kuni kidogo, na udongo juu yake; mnyunyize maji, mrudie tena. Nyama na mafuta yasiingie, maana huita panya. Chomekeni fimbo ndefu katikati ya lundo. Baada ya siku chache ichomoeni muishike: ikiwa na joto, kazi inaendelea, ikiwa baridi na kavu, ongezeni maji. Pindueni lundo kila baada ya majuma matatu. Kwa kiasi cha miezi mitatu mboji huwa tayari, na harufu yake ni ya msitu baada ya mvua.

Katika mboga, kunde na mchicha hufaa kwa asiye na subira, kwani huchumwa kabla ya mwezi wa pili. Sukuma wiki hukawia zaidi, lakini hudumu miezi mingi ikichumwa kwa adabu, yaani majani ya chini tu, na juu yabaki manne au matano. Mnavu hupenda samadi na maji.

Vidukari wakija, nanyi mtawaona chini ya majani, waosheni kwa maji yenye sabuni kidogo, na asubuhi ya pili mrudie. Wengine watawashauri mchemshe tumbaku. Kataeni. Tumbaku imetoka shambani kweli, lakini maji yake ni sumu kali kwa mtu pia.

Habari za maji mwazijua kuliko mimi, kwa kuwa mgao huu ni wetu sote. Maji yaliyooshea mchele na mboga yatosha kwa gunia moja kwa siku nyingi. Ya kufulia yenye sabuni nyingi yasitumike.

Na kwa wale waliokuwa wakihofia askari wa jiji, kama wazee wetu walivyokuwa wakifyekewa mahindi yao, Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Anayetaka kupanda wakati huo, lundo lake la mboji liwe limeanzwa mwezi Julai.