CHOMBO KIMOJA, DHAMANA YA WOTE

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu katika mambo ya siri na ya dhahiri.

Katika hadithi iliyopokewa na Sahaba Nuuman bin Bashir, na iliyomo katika mkusanyo wa Imamu Bukhari, Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu waliopanda chombo kimoja wakapiga kura, baadhi yao wakapata juu na wengine chini. Wa chini, kila walipotaka maji, iliwabidi wawapitie wa juu. Wakaona heri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe, wasimuudhi mtu. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa wakiachwa na azma yao wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Zingatieni kwamba watu hawa hawakukusudia shari. Kosa lao ni kudhani kuwa tundu lililo katika sehemu yao halimhusu mwingine.

Kompyuta na simu zilizounganishwa kwa intaneti ni chombo cha namna hiyo. Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017, programu ya uharibifu iliyopewa jina la WannaCry ilienea duniani kwa muda wa saa chache. Iliyafunga majalada yaliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, kisha ikadai dola 300 ili yafunguliwe. Nayo ilihama yenyewe kutoka mashine hadi mashine bila ya mtu kubonyeza kitu. Katika England, kiasi cha thuluthi ya mashirika ya hospitali za umma yalipatwa na madhara. Ilikisiwa kuwa miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilivunjwa, na mahali pengine wagonjwa wa dharura walipelekwa hospitali za mbali.

Basi tujiulize: tundu lile lilikuwa la nani? Dhambi ya wizi ni ya mwizi, hapana shaka. Lakini waliotengeneza programu ya Windows waliacha kosa ndani yake. Idara ya ujasusi ya Marekani, NSA, ililijua kosa hilo, ikalifanya silaha yake ya siri, na silaha hiyo ikaibiwa. Kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho tarehe 14 Machi 2017, takriban miezi miwili kabla ya balaa. Hata hivyo wasimamizi wengi hawakuyaweka katika mashine zao. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na aliyelipa gharama ya ukuta huo ni mgonjwa kitandani, asiyejua hata jina la programu.

Enyi vijana mnaosomea utengenezaji wa programu, kazi yenu ni amana, na dini yetu imetuhimiza kuifanya kazi kwa ukamilifu. Msiseme kwamba usalama ni shughuli ya mtaalamu mmoja atakayeitwa mwisho, kazi ikiwa imekwisha. Kila anayeandika mstari mmoja ana dhima ya mstari huo. Mpeni mwenzenu akague kazi yenu kabla haijawafikia watu, na akikuonesheni kosa mshukuruni, kwani amekuzuieni msitoboe chombo.

Nanyi wakuu wa ofisi na shule, mtumishi akija kueleza kuwa amehadaika na kufungua ujumbe wa matapeli, msimfedheheshe mbele ya watu. Mkimfedhehesha, wa pili atanyamaza, na maji yataingia hali nyote mmelala.

Na majumbani mwetu pia mna matundu. Kuahirisha marekebisho ya simu mwezi baada ya mwezi ni tundu. Kutumia neno la siri moja kwa kila jambo ni tundu, kwani likivuja mahali pamoja milango yote imefunguka. Kumpa mtu namba ya siri ya pesa za simu kwa kuwa amejidai kuwa ni mtumishi wa kampuni ni tundu. Vijana wakae na wazee wao wawafundishe kwa upole, na wala wasiwacheke. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kama ngamia afungwe au aachwe kwa kumtegemea Mwenyezi Mungu, aliamrisha afungwe kwanza, kisha ndipo mtu ategemee.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuchunga amana zao. Tuepushe na hiana na uzembe, na uwahifadhi wagonjwa, mayatima na wanyonge na madhara ya mikono yetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.