Muwasho wa Dani: Uzee Si Jibu

"Ni uzee tu." Jibu hilo ndilo lililochokoza mhadhara huu. Mjane wa miaka 78 wa Usenge, aliyeanika omena ufuoni karibu maisha yake yote, alikuwa akijikuna usiku kucha hadi shuka ikashika damu. Kliniki moja ilimpa krimu ya steroidi na maneno hayo, basi. Mjane huyo, dani (yaani nyanya, kwa Kijaluo) kwa wajukuu wake, ni mama mzazi wa mhadhiri.

Uzee peke yake si jibu. Ni kweli ngozi ya mzee hupungukiwa mafuta, ikakauka na kuwasha. Lakini ukavu una tiba: maji ya uvuguvugu, kuachana na sabuni kali ya mche, na kupaka mafuta mazito ngozi ingali na unyevu. Maradhi ya figo, ini au tezi ya shingo, na baadhi ya dawa, nayo huwasha mwili. Vipimo vya hayo wataalamu wanavijua. Anayesema "ni uzee" amelifunga faili kabla ya kulifungua, na hajauliza swali la kwanza: nani mwingine nyumbani anajikuna?

Swali hilo lilipata uzito mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1941. Mtafiti Kenneth Mellanby, aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa chuo kikuu cha Ibadan, aliwapata vijana waliokataa kupigana vita kwa imani yao. Wakajitolea kuvaa chupi chafu za askari wenye upele, ule unaoletwa na utitiri, na kulalia mablanketi yao. Wengi hawakupata kitu! Upele ulihama hasa pale ngozi ilipokaa ikigusana na ngozi. Tena aliyeambukizwa mara ya kwanza alikaa kama mwezi mzima kabla ya kuwashwa. Mellanby alihesabu utitiri kwa mamia ya askari: wastani ulikuwa 11 tu kwa mtu, wengi wao mikononi.

Hapo siwindhe inaingia, nyumba ya dani wanamolala wajukuu wa kike. Wajukuu walikuja Desemba. Mwishoni mwa Januari dani akaanza kujikuna. Mhadhiri alimshika mkono dirishani, akaona katikati ya vidole mstari mfupi wa kijivu, kama wa penseli: njia aliyochimba utitiri jike. Krimu ya kliniki ilikuwa imepoza wekundu na kuuficha upele.

Wenzake mhadhiri humkumbusha kwamba kwa wazee ukavu ndio sababu ya kawaida zaidi. Kwa idadi, wako sahihi. Yeye bado huanza na vidole.

Nyumba nzima ilipakwa dawa ya pemethrini usiku mmoja, hata wasiowashwa, ikarudiwa baada ya wiki. Kwa dani, hadi kichwani. Nguo na shuka zilifuliwa kwa maji moto. Wiki ya pili aliendelea kujikuna, jirani akashauri apakwe tena. Mhadhiri alikataa, kwani mwili huwashwa hata baada ya utitiri kufa. Wiki ya nne dani alilala hadi jogoo alipowika.