Chupa Moja, Maboma Kadhaa

Mama mwenye kuku 12 hakatai chanjo ya kideri kwa ukaidi. Chupa anayoikuta kwenye agroveti ni ya dozi 100, na ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Dozi 88 azipeleke wapi? Basi anangoja. Kuku wakianza kuzubaa na kuhara kijani ndipo anaikimbilia, lakini chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuambukizwa. Wanakufa, na lawama inaiangukia chanjo.

Majirani wakichanga, hesabu inabadilika. Siku moja, alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa: tone moja jichoni kwa kila kuku mzima, boma hadi boma, mpaka chupa iishe. Baada ya miezi 3, wanarudia.