Waliosomea Ukunga Ng'ambo ya Mpaka na Safari ya Leseni

(Hotuba ya mratibu wa huduma za uzazi kwa wakaazi wa Isebania, Migori)



Hapa Isebania ukivuka mpaka uko Sirare, Tanzania. Mabinti zetu wamesomea ukunga huko, wengine Uganda. Majirani zetu wa Homa Bay nao wana watoto kama hao. Wanarudi na cheti halali, kisha wanakaa nyumbani au wanauza duka. Hesabu zilizotokana na sensa ya 2009 ziliweka Migori na Homa Bay miongoni mwa kaunti 15 zilizolemewa zaidi na vifo vya akina mama kwa sababu ya uzazi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kungoja gari litoke mbali. Anahitaji mkunga aliye karibu. Na mkunga huyo tunaye, amekaa tu.

Niseme wazi jambo linaloleta maneno ofisini: kaunti haitoi leseni. Anayetoa ni Baraza la Wauguzi la Kenya. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, lakini ruhusa ya kuvuka kutafuta kazi si ruhusa ya kuzalisha.

Baraza hulinganisha masomo yako na ya hapa, na hapo ndipo kuna kazi. Uganda kuna kozi za ukunga peke yake; wauguzi wetu wengi husoma uuguzi, ukunga na afya ya jamii kwa pamoja. Kwa hivyo ukiambiwa ufanye mazoezi zaidi hospitalini chini ya msimamizi, kisha ukalie mtihani, usione umedharauliwa.

Cheti pekee hakitoshi. Tafuta matokeo ya masomo yote, pamoja na uthibitisho wa baraza la nchi uliyosomea kwamba umesajiliwa huko. Uanze kuufuatilia mapema, maana ofisi ni mbili na nchi ni mbili.

Nanyi wazazi, kabla ya kuuza ng'ombe mlipe karo, ulizeni Baraza kama kozi hiyo inakubalika.

Anayesubiri leseni asizalishe watu chumba cha nyuma cha duka la dawa, hata akibembelezwa na jirani. Amsindikize mama kliniki. Karatasi alete ofisini tuzipitie pamoja kabla hajazituma Nairobi.